Muda wa saa tatu kwenye maji ya Mida: tathmini ya safari ya mtumbwi jirani na Uyombo

Huduma ninayoitathmini ni safari ya mtumbwi ndani ya hori la Mida, mkono wa bahari unaoingia nchi kavu kusini mwa Watamu katika kaunti ya Kilifi, inayoendeshwa na kikundi kimoja cha wenyeji. Vikundi vinavyofanya kazi hiyo ni zaidi ya kimoja, na kwa kuwa nina malalamiko mawili matatu nitakayoyaeleza mbele, nimeona ni haki nisikitaje kwa jina hiki kilichotuchukua sisi. Nilikwenda msimu wa kaskazi pamoja na mama yangu na mpwa wangu wa miaka tisa. Sikuficha sababu yangu ya kwenda: tangu mwaka 2023 jina la Uyombo, kijiji kilichopo karibu na mlango wa hori hilo, limekuwa likitajwa kila panapozungumzwa mpango wa Kenya wa kujenga mtambo wa kwanza wa nyuklia, na mimi mtu wa Mombasa nilikuwa nimeshiriki mazungumzo mengi juu ya mahali ambapo sijawahi kupakanyaga.

Ubora wa huduma hii ulianza kuonekana kwenye simu. Nilipoomba nafasi ya Jumamosi asubuhi, aliyepokea aliniuliza kwanza kama tunataka kuona ndege au kupita katikati ya mikoko, kwa sababu ndege huonekana matope yakiwa wazi, na mikoko hupitika maji yakiwa yamejaa. Kisha akahesabu siku za mwezi, akaniambia kwamba Jumamosi hiyo ni bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kukauka kupita kawaida, na kwamba maji yatakuwa yamekauka kabisa saa nne asubuhi na yatajaa saa kumi jioni, kwa hiyo tufike saa nane mchana ili tupate yote mawili. Nimewahi kulipia safari za baharini ambazo ratiba yake imepangwa kwa saa ya chakula cha hotelini, na abiria wakaishia kusukuma chombo juu ya mchanga. Hapa ratiba ilifuata maji, na sisi tukaambiwa tuifuate.

Nahodha wetu alikuwa mvuvi wa umri wa mama yangu, naye alimwita mama "dada" tangu tulipoamkiana hadi tulipoagana. Msaidizi wake, binti wa miaka ishirini na kitu, ndiye aliyekuwa na darubini na aliyejua majina ya ndege. Alituonyesha kundi la ndege weupe wenye mabawa meusi na mdomo mnene wanaoishi kwa kula kaa, akaeleza kwamba hawazalii hapa. Huzalia ndani ya mashimo wanayoyachimba kwenye mchanga wa pwani za Ghuba ya Uajemi na Bahari ya Shamu, kisha huja kwetu kula na kupumzika. Wengine, wadogo kiasi cha kutoshea kiganjani, hutoka mbali zaidi, kaskazini kabisa mwa Ulaya na Asia. Maji yalivyozidi kupanda ndivyo ndege walivyosogezwa kwenye kisiwa cha matope kilichokuwa kikipungua mbele ya macho yetu, hadi wakaruka wote kwa pamoja. Mpwa wangu aliacha kuuliza maswali kwa dakika nzima, jambo ambalo halijawahi kutokea nyumbani kwetu.

Sehemu niliyoipenda kuliko zote ni ile ya mikoko. Nahodha aliweka kafi chini, akachukua upondo, mti mrefu wa kusukumia chombo, akatuingiza katika njia nyembamba na kuanza kututajia miti kama mtu anayetambulisha jamaa zake. Mlilana husimama mbele, upande wa bahari, na mbao zake ndizo zilizokuwa mataruma, yaani mbavu, za majahazi. Mkoko una mizizi inayoshuka kutoka kwenye shina na kujishikiza matopeni pande zote. Mchu huchomoza mizizi yake juu kutafuta hewa, ukiukanyaga bila viatu unajua. Mkandaa ni miongoni mwa miti iliyojengea nyumba za Lamu na Zanzibar, na gome lake lilitumika kutia ngozi rangi. Mkomafi huzaa tunda la duara kubwa kama mpira. Alionyesha pia sehemu zilizokatwa ovyo miaka ya nyuma na miche iliyopandwa na wanakikundi, mingine ikiwa imeshika na mingine imekufa, wala hakujaribu kutupitisha haraka penye iliyokufa. Mwongozaji anayekubali kuonyesha kilichoshindikana huaminika zaidi anapoeleza kilichofanikiwa.

Tulipofika karibu na mlango wa hori alisimamisha mtumbwi na kutuonyesha upande wa Uyombo. Hakutoa hotuba, alitaka tutazame maji tu. Hori la Mida halina mto wa kudumu unaoingia ndani yake. Maji matamu kidogo hupenya chini ya ardhi kutoka upande wa msitu wa Arabuko-Sokoke, lakini karibu kila tone tulilokuwa tukielea juu yake lilikuwa limeingia kutoka baharini mchana ule ule kupitia mlango ule mmoja, na lingetoka usiku na kurudi tena alfajiri. Kwa hiyo chochote kitakachotiwa katika bahari ya mbele ya Uyombo, awe nani aliyekitia, kitaingia mikokoni mara mbili kwa siku.

Nimesoma kurasa nyingi kuhusu mradi huu, na sikukutana na hoja iliyowekwa wazi namna hiyo. Mpango uliotangazwa ulikuwa mtambo wa megawati 1,000, ujenzi uanze mwaka 2027 na umeme uanze kupatikana mwaka 2034, kwa gharama iliyokadiriwa kuwa karibu shilingi bilioni 500. Mtambo wa aina hiyo hugeuza takriban theluthi moja tu ya joto la kinu cha nyuklia kuwa umeme. Theluthi mbili zilizobaki lazima ziondolewe, na ndiyo maana wajenzi hutafuta ufuo. Ukipozwa kwa maji ya bahari yanayopita mara moja na kurudishwa, huvuta makumi ya meta za ujazo kila sekunde na kuyarudisha yakiwa na joto zaidi kwa nyuzi kadhaa. Pamoja na maji hayo huvutwa mayai ya samaki na vifaranga wao, ambao ni vigumu kwa wavu kuwachuja wakabaki hai. Yapo mataifa yanayoendesha mitambo ya namna hii kwenye fuo zao kwa miongo mingi, na Koeberg ya Afrika Kusini imekuwa ikitoa umeme tangu miaka ya 1980, lakini maji ya Koeberg ni ya Atlantiki, ni baridi. Matumbawe ya Malindi na Watamu tayari yanaishi kwenye ukingo wa joto wanaloweza kulivumilia. El Niño ya mwaka 1998 iliua sehemu kubwa yake kwa ongezeko la nyuzi chache tu, na nahodha wetu alikumbuka mwaka ambao mwamba uligeuka mweupe kama chokaa na samaki wa kwenye mwamba wakaadimika.

Maji haya ni sehemu ya hifadhi ya bahari iliyotangazwa mwaka 1968 na kutambuliwa na UNESCO mwaka 1979 kuwa hifadhi ya bayongahewa, yaani eneo ambamo viumbe na mazingira yao hulindwa pamoja na maisha ya watu, na kasa huja kutaga kwenye fuo za Watamu zinazolindwa kwa doria za usiku tangu mwaka 1997. Upande wa bara upo msitu wa Arabuko-Sokoke, pamoja na magofu ya Gede yaliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2024. Baada ya ajali ya Fukushima ya Machi 2011, Japani iliwahamisha watu wote waliokuwa ndani ya kilomita 20. Ukichora duara kama hilo kutoka Uyombo, Mida yote imo, Watamu imo, Gede imo. Wanaosema bahari yetu haijui mawimbi makubwa wamesahau tarehe 26 Desemba 2004, wimbi lililoanzia Sumatra lilipotufikia mchana na kuua mtu mmoja upande wa Kenya na wengi zaidi Somalia.

Binti mwenye darubini alituambia kwamba linalomkera zaidi ni kuitwa mjinga, yaani kuambiwa kwamba watu wa Uyombo wanakataa kwa sababu hawajaelewa, kana kwamba wakieleweshwa vizuri watakubali. Ninaandika hili kwa sababu nami niliwahi kulifikiri. Waliowasilisha ombi bungeni Novemba 2023, wakisaidiwa na shirika la kutetea haki na mazingira lililoanzishwa na mwanaharakati Phyllis Omido, waliuliza maswali ambayo mhandisi yeyote angeyauliza: taka za mionzi zitakaa wapi, nani atalipa pakitokea ajali, wavuvi wasio na hati miliki ya ardhi wala ya bahari watafidiwa kwa kipimo gani. Katiba ya mwaka 2010 inawapa haki hiyo kwa maneno ya wazi, katika kifungu cha 10 kuhusu ushirikishwaji wa umma na kifungu cha 42 kuhusu mazingira safi na salama. Mei 2024, walipoandamana, polisi waliwatawanya kwa nguvu na watu wakaumia. Nahodha alilitaja hilo kwa sentensi moja, akashika upondo, tukaendelea.

Pwani ina kumbukumbu nyingine zinazoeleza kutoaminiana huku. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, walitiwa sumu ya risasi na kiwanda cha kuyeyusha betri kilichokuwa kimepewa leseni na mamlaka za serikali. Mahakama iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, ikabatilishwa, na ikabidi wasubiri Mahakama ya Juu iirudishe Desemba 2024. Lamu, leseni ya mtambo wa makaa ya mawe ilifutwa Juni 2019 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mtu aliyeyaona haya mawili akaombwa aamini karatasi, ana sababu ya kuomba muda.

Si kila mtu wa eneo hilo anapinga. Wapo waliotarajia ajira na barabara, na hoja ya nishati isiyotoa moshi ni hoja ya kweli. Hata hivyo, karibu asilimia 90 ya umeme wa Kenya tayari hutokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua, na mahitaji ya juu kabisa ya nchi nzima hayakuwa yamefika megawati 2,500 mwaka 2025. Mtambo mmoja wa megawati 1,000 katika gridi ya ukubwa huo ukizimika ghafla huondoka na zaidi ya theluthi ya umeme kwa mara moja. Swali la kwa nini uwekwe hapa, na kwa nini sasa, halijibiwi kwa kusema kwamba nchi inahitaji maendeleo.

Mwaka 2025 mazungumzo ya serikali yalihamia Siaya, kando ya Ziwa Victoria. Nilidhani wenyeji wetu wangefurahi, lakini nahodha alisema tu kwamba wavuvi wa ziwani nao wana watoto, na kwamba ziwa halina bamvua ya kulisafisha.

Sasa malalamiko. Makoti ya kuokolea yalikuwa ya watu wazima pekee. La mpwa wangu ilibidi lifungwe kwa kamba ya ziada, na kwa safari inayofika karibu na mlango wa hori, penye mkondo mkali, hilo halifai na kikundi kinapaswa kulirekebisha kabla ya kununua kitu kingine chochote. Bei ilikubaliwa kwa mdomo. Tulitendewa haki, lakini jirani yetu wa mtumbwi wa pili alikuwa ametajiwa kiasi tofauti, na ubao mmoja wenye bei zilizoandikwa ungemaliza manung'uniko hayo. Ngazi ya kushukia kwenye mtumbwi ina vipago viwili vilivyolegea, na mama alihitaji kushikwa mikono yote miwili.

Chakula baada ya safari hakikuwa na kasoro. Sambusa za kaa zilikaangwa tulipofika, nyama yake ikiwa tamu na yenye chumvi kidogo ya asili, zikaletwa na ndimu na pilipili ya kusaga. Walioziandaa ni akina mama wa kikundi hicho hicho, na kaa ni wa matope yale tuliyokuwa tumepita juu yake. Mpishi alituonyesha tenga la kaa waliobakia hai na kueleza kwamba majike yenye mayai hurudishwa majini. Mama aliomba nyingine za kubeba.

Ukienda, piga simu siku mbili kabla na uulize maji kabla ya kuuliza bei. Vaa viatu vya mpira vinavyofungwa, si kandambili, kwa ajili ya mizizi ya mchu. Kama una mtoto, mchukulie koti lake la kuokolea kutoka nyumbani hadi kikundi kitakaponunua. Na mwombe nahodha akufikishe pale mlangoni wakati maji yanaingia, azime maneno, akuache uutazame mkondo unavyopita chini ya mtumbwi kuelekea ndani.