Kipimo cha nguvu za kazini: nilitaka kukisifu, wallahi nilitaka

Yamepita zamani kidogo, masika ya mwaka jana au ya mwaka juzi, lakini kila nikikumbuka damu inanichemka. Masika ndiyo hoteli zetu za upande wa mashariki hupungukiwa wageni, na ndipo wakubwa wanapokumbuka kwamba wafanyakazi nao wana haja ya kusomeshwa. Mie nipo mapokezi, hoteli ya ufukweni karibu na Paje, Unguja. Tukaambiwa anakuja mtaalamu kutoka bara, siku mbili, kutupima nguvu zetu. Kila mtu ajue alichojaaliwa, kisha kazi zipangwe kwa hicho.

Sikuingia ukumbini na kinyongo. Nililipenda wazo tangu mwanzo, kwa sababu tathmini yetu ya kila mwaka ni kusomewa makosa tu: ulichelewa, ulisahau, mgeni alilalamika. Mtaalamu alipotueleza habari za Donald Clifton, mwanasaikolojia wa Nebraska kule Marekani, aliyeuliza itakuwaje tukichunguza kilicho sawa kwa watu badala ya kilichoharibika, nilihisi kama kuna mtu kafungua dirisha. Akamtaja na William Marston, aliyezigawa tabia za watu mafungu manne tangu mwaka 1928. Kipimo chetu ni kimoja katika vingi vilivyokuja baadaye. Sikitaji jina, wala waliokileta siwataji.

Unafanyia kwenye simu. Zinatokea sentensi mbili, unachagua inayokuelekea zaidi, na huku sekunde zinahesabiwa. Zikiisha, inaruka yenyewe na jibu lako limepotea. Sentensi zilikuwa za Kiswahili, ati. "Mimi huendesha matokeo." Matokeo yanaendeshwaje? Hapo hapo ulipo unatafuta maana, swali limeshakwenda.

Sasa, msimamizi wetu wa vyumba na dobi ni mama mtu mzima wa Bwejuu, sote tunamwita Bi Mkubwa. Alikaa pembeni yangu, miwani puani, simu kaishika kwa mikono miwili. Ikaja jozi: "Mimi ni kiongozi wa kuzaliwa" na "Watu hunifuata ninapozungumza". Akanigeukia, sauti ya chini: "Mwanangu, haya mtu anajisemea mwenyewe? Si waseme wenziwe?" Akaacha sekunde ziishe. Ikaja nyengine kama hiyo, akaiacha pia. Alikuwa anajua kujibu. Alichokuwa hajui ni kujisifu, kwa sababu kwetu mtu aliyelelewa hajisifu. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kipimo kizima kilikuwa kinatutaka tujitembeze.

Baada ya chai matokeo yakarushwa ukutani, jina la kila mtu na michoro yake, bila kuulizwa kama tunaridhia. Lilipofika la Bi Mkubwa, yule mtaalamu, kijana ambaye ni rika la kitinda mimba wake, akasema mbele ya watu wote: "Mama, kwenye uongozi wewe huna kitu kabisa. Wewe ni mtu wa kufuata. Wala si vibaya, timu inahitaji wafuasi." Akapita kwenye jina linalofuata.

Ukumbi ulinyamaza. Bi Mkubwa akavuta mtandio wake, akatazama meza. Na mimi sikusema kitu. Hilo linaniuma mpaka leo kuliko maneno ya yule kijana.

Mnakumbuka umeme ulipokatika Unguja nzima, Disemba 2009 mpaka Machi 2010? Kebo ya chini ya bahari iliharibika tukakaa miezi mitatu gizani. Mie nilikuwa mgeni kazini. Mashine za dobi zimelala, pampu zimelala, na wageni waliobaki wanataka shuka safi. Bi Mkubwa hakuitwa na mtu kwenye kikao. Alikwenda mwenyewe kijijini akarudi na wanawake wanane, akawagawa: hawa kisimani, hawa kufua, hawa kuanika, wawili kunyoosha kwa pasi za mkaa. Kila jioni anawauliza mmoja mmoja nani ana mtoto mgonjwa, na kesho yake huyo anampa kazi ya kukaa kitako. Hakupaza sauti hata siku moja. Leo kijana na simu yake ananiambia huyu ni mtu wa kufuata.

Mchana nilinyoosha mkono, nikamwambia kijana kwamba maswali aliyoyaacha Bi Mkubwa yasihesabiwe kuwa ni udhaifu. Jibu lake: "Data haidanganyi, dada." Hapo nikaipa huduma hii nyota moja moyoni mwangu, na hiyo moja ni ya sambusa.

Usiku nikachukua ripoti yangu na ya mwenzangu wa mapokezi, tukazilinganisha. Aya mbili nzima zilifanana neno kwa neno: kwamba tunajali watu lakini wakati mwengine tunajificha, kwamba tunavyo vipaji ambavyo havijatumika vyote. Nani asiyekuwa hivyo? Nilikuja kusoma baadaye kwamba mwaka 1948 mwanasaikolojia wa Marekani, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi wake 39 maelezo ya tabia zao, wakayapa usahihi wa wastani wa 4.26 kwa 5. Wote walikuwa wamepewa karatasi ile ile, maneno yake kayatoa kwenye kitabu cha utabiri wa nyota kinachouzwa njiani.

Lakini nisiwe mwongo. Kwenye ripoti yangu kulikuwa na sentensi moja ambayo mwenzangu hakuwa nayo: kwamba hubeba jukumu la mwengine mpaka yeye anasahau kuwa ni lake. Nguvu hiyo ikizidi inageuka udhia. Nilikaa nayo kitandani sikulala. Ni kweli. Nilikuwa nikifunika zamu za watu watatu, halafu nanung'unika kwa mama yangu nyumbani. Wiki ile ile nilikaa na wenzangu tukapanga zamu upya, na mpangilio ule unatumika mpaka sasa. Kwa hiyo nyota mbili. Labda tatu, kwa hilo tu.

Na siku ya pili, alasiri, mtandao ulikatika. Kijana hakuwa na la kufanya, akatugawia karatasi ndogo ndogo: andika kwa mwenzako kitu kimoja ulichomwona akikifanya vizuri, na lini. Saa nzima ukumbi ulikuwa kimya, lakini kimya chengine kabisa. Mtunza bustani, ambaye tumesalimiana miaka na hatujawahi kuzungumza, aliniandikia kwamba siku aliyofiwa na kaka yake mie ndiye niliyemtafutia nafasi kwenye boti ya kwenda Mkoani, Pemba, kabla hajaomba. Mie nilikuwa nimeshasahau. Bi Mkubwa alipata karatasi kumi na moja, zaidi ya mtu yeyote. Alizisoma moja moja, hakusema neno, akazikunja akazifunga kwenye pindo la kanga. Hiyo saa moja ningeilipia kwa mshahara wangu, na haihitaji simu, saa ya kuhesabu, wala mtaalamu wa kupanda boti.

Basi ningemalizia hapo kwa nyota nne kama meneja asingezibandika zile kurasa za michoro kwenye ukuta wa chumba cha wafanyakazi. Nafasi ya msimamizi mkuu ilipopatikana, nilimsikia kwa masikio yangu akisema Bi Mkubwa "kipimo hakikumpa". Hata wachapishaji wa Myers-Briggs, kipimo kikongwe chenye jina duniani, wanasema wazi kwamba si haki kukitumia kuchagulia watu wa kuajiri. Hiki chetu kilimchagulia mtu kabla ya kikao kukaa.

Nimerudi kwenye nyota moja. Ukurasa wa Bi Mkubwa niliubandua ukutani kwa mkono wangu. Asubuhi meneja akauliza ni nani aliyefanya hivyo, nikamwambia ni mie.