Lori moja na tela lake: msaada gani wa barabarani ununue kwanza?

Mwongozo huu ni wa mmiliki wa kichwa kimoja (lori lenyewe la kuvutia) na tela moja, anayepiga ruti ya Dar–Tunduma na kuvuka kwenda Zambia au Lubumbashi, Congo. Kampuni yenye magari mia ina karakana yake na kichwa cha akiba cha kwenda kuchukua tela lililokwama. Wewe gari likilala Mikumi, biashara yote imelala, lakini marejesho ya benki hayalali. Ndiyo maana nimepanga machaguo haya kwa swali moja tu: lipi linakukinga na hasara ambayo ikikupata hutainuka tena? Hasara nyingine zinauma, ila zinalipika.

1. Bima kubwa, yenye nyongeza ya kuvuta na kuokoa

Hii ni bima inayolipa hata gari lako mwenyewe, nayo iwe ya kwanza hata kama inakula pesa. Lori likipinduka kwenye mlima Kitonga na mzigo wa tani 30, unahitaji winchi, gari la kuhamishia mzigo, vibarua, na walinzi wa usiku kucha ili mafuta na mzigo visiondoke na wapita njia. Bila bima, bili ya kazi hiyo peke yake inaweza kukulazimisha uuze hicho kichwa. Bima ndogo haigusi gari lako kabisa, inamlipa uliyemgonga. Kadi ya njano ya COMESA (soko la pamoja la nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika) ni hivyohivyo: Tanzania ilitoka COMESA mwaka 2000 lakini ikabaki kwenye mpango wa kadi, nayo inakufaa kwa madai ya watu wengine ng'ambo ya mpaka, si kwa lori lako. Ukitaka bima kubwa ifanye kazi Zambia na Congo, nchi hizo ziandikwe kwenye mkataba kwa majina. Maneno ya wakala kwamba "inakubali tu" hayatakusaidia ukiwa Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Congo.

Kabla ya kulipa, soma mkataba wenyewe, usiishie kwenye kipeperushi. Tafuta kikomo cha gharama za kuvuta. Mara nyingi ni kidogo sana kwa lori, kwa sababu kimewekwa kwa kufikiria gari dogo. Mpigie mwenye gari la kuvuta, muulize bei ya kutoa lori lenye mzigo Mikumi hadi Dar, kisha ulinganishe na kikomo hicho. Kikiwa chini, omba kipandishwe na ukubali kuongeza kidogo kwenye malipo ya mwaka. Angalia pia kama tela limeandikwa. Tela lina namba yake ya usajili na linahitaji kinga yake. Wapo wanaokatia bima kichwa tu, halafu tela linabaki uchi. Mzigo nao una bima yake, hauingii humu. Ukishapewa stika, ihakiki siku hiyohiyo kwenye TIRA MIS, mfumo wa mtandaoni wa mamlaka ya bima.

Sasa jambo ambalo wengi hulijua wakiwa tayari wamekwama: bima kubwa ya kawaida hailipi hitilafu ya mitambo wala ya umeme. Giaboksi ikifa Makambako bila ajali yoyote, hiyo ni juu yako. Baadhi ya kampuni zinauza nyongeza ya msaada wa barabarani kwa ajili hiyo, lakini uliza mwisho wa uzito. Sheria ya Afrika Mashariki inaruhusu hadi tani 56 kwa gari na mzigo wake. Nyongeza inayoahidi kubadilisha tairi, kuwasha betri na kuleta lita chache za mafuta iliandikwa kwa ajili ya gari dogo. Kama hakuna maneno "lori na tela lenye mzigo", usiinunue.

2. Makubaliano ya maandishi na wenye magari ya kuvuta, pamoja na akiba

Hapa ndipo yanapotibiwa mambo ya kila mwezi: klachi, beringi za habu, hozi za upepo, tairi za tela. Chagua watu watatu au wanne kwenye njia yako, mathalani Morogoro, Iringa, Mbeya, na mmoja upande wa Nakonde, ng'ambo ya Tunduma. Mwandikiane bei ya kilomita gari likiwa tupu na likiwa na mzigo, bei ya usiku, na nani analinda gari likisubiri. Malipo yatoke kwenye simu yako moja kwa moja, dereva asiachiwe kupatana bei gizani katikati ya Hifadhi ya Mikumi, ambako barabara inakatiza takriban kilomita 50 za mbuga.

Kumpima fundi wa kuvuta, muulize maswali mawili. La kwanza: utafungua propela (shafti inayotoka giaboksi kwenda matairi ya nyuma) kabla ya kuvuta? Matairi ya nyuma yakizunguka chini huku injini imezimwa, giaboksi inazunguka bila oili kupanda, na kwa safari ndefu inaungua. Gari lililokuwa na tatizo la injini tu linafika karakana na matatizo mawili. La pili: breki za springi utaziachiaje? Upepo ukiisha, springi ndani ya chemba zinabana matairi. Fundi anayejua kazi ataunganisha hozi za upepo kutoka kwenye gari lake, au atarudisha springi kwa bolti zake chemba moja baada ya nyingine. Anayesema "tunavuta tu, litaachia" mwache aende zake.

Kama unabeba mzigo wa transiti, yaani unaopita tu kwenda nchi nyingine, iandikwe wazi kwamba hakuna kukata sili ya forodha wala kuhamisha mzigo bila afisa wa TRA. Kosa hilo linaweza kukugharimu kuliko matengenezo yenyewe.

Udhaifu wa chaguo hili ni kwamba bila pesa mkononi karatasi haivuti gari. Tenga kitu kila safari, kwenye akaunti isiyochanganyika na ya nyumbani.

3. Huduma ya mtengenezaji

Scania na Volvo wana huduma ya simu ya saa 24 kwa magari yao. Kama lori lako bado lina waranti au mkataba wa matengenezo, ipandishe hadi nafasi ya pili, maana injini za sasa hazitibiki bila kompyuta. Kwa lori la mtumba la miaka ishirini, utalipia safari ya fundi na vipuri vya wakala, wakati fundi wa Makambako angeshalifungua.

4. Mfuko wa wamiliki wenzako

Unafaa kwa kukopeshana kichwa cha kuvutia tela, ikiwa mnaaminiana na kuna maandishi. Ukiwa mwanachama wa TATOA au TAMSTOA, vyama vya wamiliki wa malori, uliza wenzako wa njia hiyohiyo kwanza, hata majina ya wavutaji wazuri utayapata hapo.

5. Kadi za uanachama za magari

Nyingi zimetengenezwa kwa magari ya abiria. Soma uzito wa mwisho. Kama ni wa gari dogo, ikatie gari la nyumbani, na pesa ya lori irudi kwenye kupandisha kile kikomo cha kuvuta.