Kikombe cha filta ya oili ya Harrier: cha bati au cha alumini?

Sikizeni hii kwanza, msiseme kitu. Mumeskia? Tik. Basi, kifuniko kishaachia. Hakuna nyundo, hakuna bisbisi iliyopigwa ubavuni, hakuna mtu kuita jina la mamake chini ya gari.

Assalaam aleikum nduzangu, karibuni tena kwa chaneli, tuko Tudor, Mombasa, hapa uani, joto la leo sikwambii, na feni nimeizima maana ile video iliyopita mulilalamika kwa komenti ati maiki yavuma. Haya, nimeizima, jasho likinitoka ni kwa ajili yenu.

Leo ni hichi kidude hapa. Kikombe cha kufungulia filta ya oili. Toyota Harrier ya shepu ya tatu, ile ya mwisho wa 2013 mpaka 2020, injini ya 3ZR, cc elfu mbili, mambo yake mengine mwayajua siwezi kuwachosha. Kitu muhimu ni kwamba filta yake si ule mkebe wa chuma wa kuzungusha ukatupa wote, hii ni karatasi tu ndani, na nje kuna kifuniko cheusi cha plastiki ambacho kinabaki na gari maisha. Hicho kifuniko ndicho kinachoteswa. Karibisha kamera hapa, dogo, karibu, karibu zaidi. Mwaona hizi kingo? Hizi zimeliwa. Hii ilitoka kwa gari ya jirani, fundi alipitisha cheni akavuta, cheni ikateleza, akavuta tena. Zilikuwa pembe 14, sasa nyengine ni duara.

Sasa nina vikombe viwili. Hichi cha bati nilinunua mia nne Mwembe Tayari, na hichi cha alumini elfu moja mia mbili, duka ni tofauti. Vyote vimeandikwa milimita 64, pembe 14. Kwa maandishi ni ndugu. Lakini tazama, nakivalisha cha bati kwa kifuniko, sijatia racheti, ule mpini wa kuzungushia, bado, natingisha kwa vidole viwili tu. Mwaona kinavyocheza? Kinaenda kulia, kinarudi kushoto, kabla hata hakijashika kitu. Huo uwazi mdogo ndio unaokula kingo, kwa sababu ukivuta kikombe hakishiki ubavu wa pembe, kinashika ncha, na ncha ya plastiki mbele ya bati ngumu nani atashinda? Na baada ya kuvuta mara kadhaa bati lenyewe linafunguka mdomo. Haya sasa cha alumini. Nakiweka... hakiingii moja kwa moja, lazima ukisukume na kiganja. Pap. Tingisha. Hakuna. Naning'iniza kifuniko juu chini, hakianguki. Hapo ndipo mimi nilipopenda, wallahi. Pembe zote 14 zinafanya kazi pamoja, kwa hivyo nguvu inagawanyika na ile tik muliyoskia mwanzo ni kwa mkono mmoja nikiwa nimelala chali, na mkono mwengine nimeshika taa.

Ila kina kero yake na sitaificha. Kwa vile kinabana, kifuniko kikishatoka hakitaki kuachana na kikombe. Unatoka chini ya gari na vyote viwili vimeng'ang'aniana, oili inachuruzika mpaka kwenye kiwiko, unabaki kugongagonga pembeni kwa mpini wa bisbisi. Nilikasirika sana siku ya kwanza, nikasema hii naipa nyota mbili. Sasa nafikiri ningeipa nne. Tatu na nusu. Tutaona.

Subirini, kabla sijasahau, kuna kitu kinaniudhi kuliko hivi vikombe vyote. Ukinunua filta yenyewe, ndani ya boksi kuna ile karatasi, kuna oringi kubwa, ule mpira wa duara wa kuzuia oili isivuje, oringi ndogo, na kuna hichi kimrija cheusi cha plastiki. Hichi! Mafundi wanakitupa, wengine hawakitoi hata kwa boksi. Kazi yake ni hii: katikati ya kifuniko kuna kiplagi kidogo chenye tundu la mraba, unatia racheti yako ya inchi tatu kwa nane moja kwa moja bila kikombe, unakifungua, kisha unasukuma kimrija hapo, kinafungua vali kwa ndani na oili iliyobaki kwenye filta inashuka polepole kwa beseni. Unakivuta, ndipo sasa unavalisha kikombe. Usipofanya hivyo ukifungua kifuniko oili yote inakumwagikia usoni na kwa kabro, mwenye nyumba aje akuimbie. Toyota wamekupa mrija bure na watu wanautupa, mimi sielewi.

Wa X-Trail najua mushaanza kuandika hapo chini, nyinyi yenu ni mkebe, kikombe hichi hakiwahusu. Wa Forester za injini ya FB nyinyi msiongee kabisa, filta yenu iko juu mukifungua boneti, mwabadilisha mukiwa na kanzu nyeupe. Lakini wenye Voxy na Noah za 3ZR, na Prius ya 1800, kikombe ni hichihichi, mwaweza kuchanga majirani watatu mukanunua kimoja.

Kurudisha sasa, ndipo watu wanapoharibu. Toa oringi ya zamani kwa kucha, usichokoe na bisbisi, ipake mpya oili kidogo, iweke kwa mfereji uleule. Kaza kwa mkono mpaka ikatae, kisha kikombe. Kifuniko kimeandikwa chenyewe, soma hapo, Newton mita 25, hicho ni kipimo cha nguvu ya kukaza. Nati ya tairi ya Toyota ni 103. Kwa hivyo anayekaza hichi kifuniko kama nati ya tairi mwambieni anapasua plastiki. Kiplagi cha katikati ni nusu ya hiyo, kama 13. Oili yaingia lita nne na ushei kidogo, tia nne kwanza, washa, zima, subiri, angalia dipstiki.

Na jeki, nduzangu, jeki peke yake hapana. Tia stendi, na zuia tairi za nyuma na matofali. Hasa nyinyi wa Bamburi na Mtwapa mwenye michanga, jeki inazama huku wewe uko chini.

Mtu aliniuliza wiki jana mbona nabadilisha oili kila kilomita elfu tano na wenzangu wanaenda elfu kumi. Mimi nakaa foleni ya feri Likoni injini inanguruma, AC iko juu, kilomita hazisongi hata moja lakini oili inachemka. Mwenye kupita barabara ya Dongo Kundu, isiyopitia feri, bila kusimama na aende elfu kumi, sina ugomvi naye. Oili chafu usimwage kwa mtaro, mtaro wa huku unaishia baharini, itie kwa galani ileile mpya ilimotoka, wenye kujenga ua watakuomba wapake miti isiliwe na mchwa.

Kuhusu bei. Elfu moja mia mbili ni pesa, najua, na gereji watakudai mia tano mia sita ya kazi tu. Sasa piga hesabu mwenyewe, huduma ya pili ya tatu hivi kikombe kimejilipa. Kuna lile sanduku la vikombe vingi wanauza elfu tatu na kitu, zuri kwa macho, utatumia kimoja na vyengine vitaota kutu na hii hewa ya chumvi. Mimi singenunua.

Haya, video ya gearboksi inakuja, siyo Ijumaa tena, tumehamisha iwe Jumapili usiku kwa sababu Ijumaa nyote mwalala. Andikeni hapo chini gari yako na mwaka, nami ntakujibu saizi ya kikombe chako. Dogo, zima, oili inadondoka hapa.