Bloku imepasuka? Pampu ya presha au dawa ya bluu

Hapa Moshi ubishi huu hauishi: kujua kama bloku, yaani mwili wa injini, imepasuka, utumie kipi kati ya hivi viwili? Pampu unaifunga kwenye mdomo wa rejeta injini ikiwa ya baridi, unajaza hadi presha iliyoandikwa kwenye mfuniko, mshale ukishuka ujue maji yanatoroka, ila pampu haisemi kama ni bloku, gasketi au hosi tu, mulika tochi utafute panapovuja. Dawa, maji ya bluu ndani ya kichupa unachokiweka kwenye mdomo wa rejeta, inanusa hewa ya rejeta injini ikiunguruma, kwa petroli ikigeuka njano moshi wa silinda umeingia kwenye maji, ila ufa wa nje haiuoni kabisa! Pampu ghali lakini inadumu, dawa inaisha. Mwenye gereji achukue pampu, wewe unayefuata gari moja Arusha na muuzaji anakuharakisha beba dawa, na oili uichungulie isije ikawa chai ya maziwa, yaani imechanganyika na maji.