CV ya steshenari kwa aliyemaliza kidato cha nne: lipia mashine, maneno andika mwenyewe

Kila Novemba, mtihani wa kidato cha nne ukiisha, mabenchi ya nje ya maduka ya steshenari hujaa vijana. Matokeo ya NECTA (Baraza la Mitihani) hutoka Januari, kidato cha tano huanza Julai, na hapo katikati kuna miezi saba hivi ya kukaa nyumbani. Mzazi anasema katafute hata kibarua, na kituo cha kwanza kinakuwa palepale penye bango la "CV, barua za maombi, Ajira Portal, kopi, laminesheni". Tunaipima hapa huduma hiyo jinsi inavyotolewa Dar es Salaam na miji mingine ya Tanzania, kwa mteja wa aina moja tu: kijana wa miaka 16 hadi 19 ambaye hajawahi kuajiriwa.

Kwa wenye haraka: mashine zao zinafaa na bei si mbaya. CV wanayokuandikia haifai. Kufunguliwa akaunti ya Ajira Portal, mfumo wa kuombea kazi za serikali, kwa umri huu ni kutupa hela.

Unacholipia

Kopi moja kwa kawaida ni shilingi 100, kuprinti ukurasa ni kama 200 hadi 500, na "CV kamili" pamoja na barua yake huanzia kwenye elfu tatu, ikapanda kadiri unavyosogea katikati ya mji. Uliza kabla hujakaa, maana bei hubadilika ukishakaa. Kazi yenyewe huchukua dakika ishirini tu, kwa kuwa hakuna kinachotungwa: mhudumu anafungua CV ya mteja aliyetangulia, anafuta jina, anaweka lako.

Kabla hujalipa, kagua sehemu tatu. Kwanza wadhamini, mwishoni kabisa: si ajabu kumkuta mchungaji wa Iringa usiyemjua, aliyebaki kutoka kwenye CV ya mwenzako. Pili, lile lengo la kazi lililoandikwa juu kwa Kiingereza kirefu cha kutafuta mazingira yenye changamoto. Ukiulizwa maana yake utababaika, kwa hiyo lifutwe lote. Tatu, uzoefu wa kazi. Hapo utakuta neno moja kwa herufi kubwa: HAKUNA.

Neno hilo ndilo linaloiharibu CV nzima, na mara nyingi si kweli. Mhudumu hakuuliza umefanya nini maishani, aliuliza umeajiriwa wapi. Mwenye duka anayesoma karatasi yako anataka kujua mambo machache sana: unaweza kuamka mapema? Unajua kurudisha chenji? Ukikabidhiwa kitu, kinarudi? Majibu yake yamo kwenye maisha ya kijana wa kawaida, ila yaandikwe kwa kitendo, mahali na muda. Mfano:

"Genge la familia, Mbagala, Jumamosi na Jumapili, 2023 hadi 2025. Nilifungua saa 12 asubuhi, nilipima mchele na maharage, nilirudisha chenji, na jioni nilifunga hesabu kwenye daftari."

Au: "Kiranja wa stoo, kidato cha tatu. Niligawa na kupokea majembe, mafyekeo na ndoo, na kuandika vilivyopotea." Mhazini wa kwaya, msaidizi wa ustadhi madrasa, fundi wa simu wa mtaa mzima, aliyelea wadogo zake watatu mama akiwa sokoni: vyote vinaingia. Kipimo ni kimoja. Kuna mtu mzima, mwenye simu inayopatikana, anayeweza kupigiwa akasema ni kweli? Kama hayupo, kiache.

Ukurasa mmoja unatosha: jina, simu mbili (yako, na ya mzazi au mlezi ikiandikwa ni ya nani), mtaa unaoishi, elimu, ulichofanya, lugha, wadhamini wawili au watatu. Dini, kabila na "sijaoa" havina kazi pale. Mtaa unaoishi una kazi kubwa kuliko wengi wanavyodhani, maana mwenye duka anapiga hesabu ya kama utafika saa moja asubuhi mvua ikinyesha. Haya yote yanaandikika kwa simu, kwa programu ya bure kama Google Docs. Ukimaliza, ihifadhi kama PDF, nenda nayo steshenari kuprinti tu. Ukiipeleka ikiwa faili la kuhaririwa, mpangilio huvurugika kwenye kompyuta yao na utalipia "marekebisho".

Barua

Kumlipa mtu akuandikie barua ya kazi ni jambo la kushangaza kwa aliyetoka kwenye somo la Kiswahili juzi. Barua rasmi imefundishwa darasani: anwani ya mwandishi upande wa kulia, tarehe, anwani ya mwandikiwa kushoto, salamu, YAH: kwa herufi kubwa na kupigiwa mstari, kiini, wako mtiifu, sahihi, jina. Barua ya steshenari hukosea palepale kwenye YAH, ikaandika "MAOMBI YA KAZI" bila kusema kazi gani. Andika "YAH: OMBI LA KAZI YA MSAIDIZI WA DUKA". Kiini kiwe sentensi nne: unaomba nini, unatoka wapi, unaweza kufanya nini, unapatikana kuanzia lini hadi lini.

Hiyo ya "hadi lini" huwatisha vijana, wakidhani wakiisema watanyimwa. Mwenye duka atauliza tu: matokeo yakitoka utaondoka? Anayejua utakaa hadi Juni anaweza kujipanga. Anayeachwa ghafla mwezi wa tatu hatakudhamini popote, na mdhamini aliyekufanyisha kazi ndiye mwenye thamani kuliko wote utakapotafuta kazi ya pili.

Imeili, flashi na kioo cha mashine

Hapa ndipo huduma inapoweza kukuumiza. Mhudumu anakufungulia imeili kwa namba yake mwenyewe ili mambo yaende haraka, anakuandikia nywila kwenye kikaratasi, kikaratasi kinapotea. Miezi miwili baadaye unaitwa kwenye usaili kwa imeili, unataka kuifungua, na namba za uthibitisho zinakwenda kwenye simu yake. Fungua imeili yako mwenyewe, kwa laini unayoishika.

Na laini yenyewe: ikiwa huna kitambulisho cha taifa, yaani cha NIDA, huenda imesajiliwa kwa jina la mzazi. Mwajiri akikutumia mshahara kwa simu litatokea jina la mama, na mwenye tahadhari atasitisha muamala. Mwambie mapema.

Ukituma faili kwa WhatsApp kupitia kompyuta yao, ingia kwenye simu yako, fungua orodha ya vifaa vilivyounganishwa, uiondoe kompyuta hiyo kabla hujasimama. Flashi yao usiichomeke kwako. Kisha inyanyue mfuniko wa mashine ya kopi mwenyewe. Vyeti halisi hubaki kwenye kioo kila wiki, na kupata kingine ni safari ndefu inayoanzia kituo cha polisi. Cheti cha kuzaliwa kisilaminishwe hata ukishawishiwa vipi: plastiki ikishaungua juu yake haitoki.

Ajira Portal na muhuri wa wakili

Ajira Portal ni mfumo wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na kujisajili hakuna malipo. Tatizo si mfumo. Akaunti inadai namba ya NIDA, na NIDA kwa kawaida husajili wenye miaka 18 na zaidi. Matangazo yake hurudia kwamba hati za matokeo za kidato cha nne na sita hazikubaliwi, vinatakiwa vyeti. Na nafasi zinazotaja kidato cha nne karibu zote hutaka na kitu juu yake: leseni na mafunzo ya udereva, astashahada ya utawala, uhazili. Mwenye miaka 17 na karatasi ya matokeo hana cha kuomba pale. Ukifikisha 18, fungua mwenyewe kwa simu, usiku, bando likiwa na nafuu.

Muhuri wa wakili ni hivyohivyo. Matangazo ya serikali hudai nakala zilizothibitishwa. Duka la vyombo Kariakoo halidai. Ukiambiwa "wakili hayupo ila muhuri tunao", ondoka: anayethibitisha nakala lazima aione halisi.

Kuna na huduma isiyoandikwa kwenye bango, ya "kurekebisha mwaka" ili uonekane una miaka 18. Ni kughushi, na ni kughushi kwa kijinga, kwa sababu tarakimu nane za mwanzo za namba ya NIDA ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Tena umri mdogo haukufungii milango yote. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, isiyodhuru afya wala masomo, na inakataza walio chini ya 18 migodini, viwandani, ubaharia wa melini na penye hatari. Mlinzi wa kiwanda akikurudisha getini kwa umri, yuko sahihi.

Karatasi inayofungua mlango

Kwa kazi za kwanza halisi, yaani duka, mgahawa, uwakala wa pesa, saluni, kuosha magari, karatasi inayotazamwa kabla ya CV ni barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa. Nenda na paspoti saizi mbili na mtu mzima wa nyumbani, pitia kwa mjumbe, kisha ofisi ya mtendaji wa mtaa. Hakikisha muhuri umepigwa nusu juu ya picha, nusu juu ya karatasi. Muhuri usipopigwa hivyo, mwajiri makini ataikataa barua. Ukitozwa chochote, omba risiti.

Penye fedha hutakiwa na mdhamini, na fomu ya udhamini ndiyo isomwe neno kwa neno. Kwenye uwakala, shoti ya jioni, yaani hela kupungua kwenye hesabu, ndiyo inayowafukuzisha wengi katika wiki ya kwanza: muamala uliokwenda namba nyingine, noti bandia, chenji iliyozidi. Dawa yake ni kuhesabu floti (salio la uwakala kwenye simu) na taslimu mbele ya mwenye duka asubuhi na jioni, wote wawili mkasaini daftari. Fomu ikisema mwajiri atakata "mshahara wote hadi deni liishe", jua kwamba sheria haisemi hivyo: lazima hasara iwe imetokana na kosa lako, uelezwe kwa maandishi, upewe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya mshahara.

Mshahara upigiwe hesabu kabla ya kushikana mikono. Nauli ya mwanafunzi umeshaiaga. Chukua mfano wa nauli 1,400 kwenda na kurudi na chakula 2,500: kwa siku 26 ni shilingi 101,400. Ukitajiwa laki moja na nusu bila chakula, unabaki na 48,600. Ukipewa chakula cha mchana, unabaki na 113,600. Kwa hiyo swali la chakula linaulizwa siku ya kwanza, bila aibu. Saa za kawaida kisheria hazizidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Maduka mengi huzidisha, basi kubalianeni malipo ya ziada na siku ya kupumzika, yaandikwe hata kwenye daftari.

Matangazo ya "KAZI KAZI" yaliyobandikwa ukutani hapo steshenari, yenye namba ya simu bila jina la kampuni, yanayodai hela ya fomu au ya sare, yapite tu.

Muda wa kwenda ni nusu ya maombi. Mgahawa, saa 9 alasiri, sahani za mchana zikishaoshwa. Duka, katikati ya wiki, mzigo ukishapangwa. Maduka ya nguo hutafuta mikono kabla ya Krismasi, kwa hiyo nenda Novemba ileile. Desemba 20 umechelewa. Ukifika: "Shikamoo mama. Naitwa fulani, nakaa hapo mtaa wa pili, nimemaliza kidato cha nne. Naomba kazi ya kusaidia dukani hadi Juni, naweza kuanza kesho." Kisha toa barua ya mtaa. CV ibaki kwenye bahasha mpaka iulizwe.

Na usisahau benchi ulilokalia. Januari shule zikifunguliwa, hakuna duka linalohemewa kama steshenari: madaftari, fomu, kopi za vyeti, paspoti saizi za watoto wa chekechea. Huchukua vijana wasio na uzoefu, na jaribio lake linajulikana: chapa ukurasa mmoja bila kutazama vidole sana, toa karatasi iliyokwama bila kuivuta kinyume na mzunguko wa rola, toa kopi ya kitambulisho mbele na nyuma kwenye ukurasa mmoja. La mwisho hilo jifunze ukiwa unasubiri zamu yako: nakili mbele, geuza kadi, isogeze nusu ya chini ya kioo, rudisha karatasi ileile kwenye trei ikitazama upande sahihi. Wengi hukosea upande, na karatasi ya kwanza huharibika.