Trela nzee niliyoifufua hapa Kiamunyi: uzoefu wangu na mafundi wa jua kali Nakuru

Wengi huuliza kama kufufua trela nzee inalipa, basi nianze na jibu kwa wale hawana muda wa kusoma yote. Ndio, kufufua trela nzee inalipa, lakini inalipa tu kama pesa yako inaanzia chini, kwa ekseli (ile chuma ya kukingama inayobeba magurudumu) na beringi na mahali ekseli imekaa, halafu ndio ipande juu kwa mbao na rangi. Wengi hapa Nakuru wanafanya kinyume, unaona trela inang'aa bluu barabara ya Njoro na gurudumu moja linacheza hadi unaogopa kuipita.

Yangu ni ile ndogo ya kawaida ya kuvutwa na gari, ekseli moja, springi za majani, bodi ya futi 8 kwa 4. Ilikuwa imelala kwa shamba moja huko Rongai magugu yametokea kwa sakafu. Mwenyewe alikuwa na logbook na hiyo ndio kitu ya kwanza niliuliza, maana trela hapa Kenya inasajiliwa peke yake na ina namba yake, zile zinaanza na Z, si namba ya gari inayoivuta. Trela haina karatasi ni chuma ya kupima kilo tu, lipa bei ya skrapu ama uiache hapo. Kubadilisha jina ilifanyika kwa mtandao wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, hapo sina mengi.

Kabla sijatoa pesa niliipitia chasisi yote na nyundo ndogo. Chuma nzima inalia, chuma imeliwa inajibu na sauti nzito imekufa, na kuna mahali nyundo iliingia ndani kabisa. Mkono wa mbele ulikuwa mzima, ekseli ilikuwa nyoofu, ila vyuma viwili vya mraba vya nyuma vilikuwa vimeoza kutoka ndani kwa sababu aliyevitengeneza aliacha ncha wazi, maji ya mvua yakaingia yakakaa humo miaka yote hiyo. Vipya nilivyoweka vimefungwa ncha zote na kipande cha chuma na welding imezunguka, ukitengeneza yako usikubali fundi akuambie hiyo ni kazi ya bure.

Mafundi walikuja nyumbani, mzee mmoja na kijana wake, na ile mashine ndogo ya inverta ya kuchomeka kwa stima ya nyumba. Kwa hawa sina lawama hata kidogo. Siku walipofika kijana alitaka kushikilia springi na welding ndio isisumbue wakipima, mzee akamshika mkono akamwambia, "Kijana wangu, springi haiguswi na moto. Ukiichoma imekufa, itakatika na mzigo wa watu." Na ni kweli, chuma ya springi imekazwa kwa joto kiwandani, ukiipasha tena inapoteza ile nguvu ya kurudi. Springi zinafungwa na U-bolti, basi, na hizo U-bolti unazikaza tena ukishatembea na mzigo kidogo kwa sababu zinalegea zikikaa.

Sasa beringi, na hapa nitakaa kidogo. Kila habu, ile sehemu ya katikati gurudumu linapofungwa, ina beringi mbili za koni, ya ndani kubwa na ya nje ndogo, na nyuma kuna sili ya kuzuia grisi isitoke na vumbi lisiingie. Nilipofungua ya kushoto grisi ilikuwa imegeuka udongo mweusi mgumu, nikaifuta na kitambaa na mafuta ya taa mpaka namba ikaonekana pembeni, LM67048 ya ndani, LM11949 ya nje. Hizo namba ndizo unaenda nazo dukani, usiende na maneno ya "nipe beringi ya trela". Duka la kwanza mjini, jina nitaacha, waliniuzia seti kwa boksi nzuri sana na nilipoipeleka nyumbani mzee akaizungusha kwa sikio akaisikia inakwaruza ikiwa mpya, haijawahi kuona barabara! Kurudisha walikataa, eti boksi limefunguliwa. Sasa mtu atajuaje beringi bila kufungua boksi? Hiyo iliniuma na bado inaniuma, kwa sababu gurudumu likitoka kwa mteremko haliui mwenye duka. Seti ya pili nilinunua kwingine karibu mara tatu ya bei, zikazunguka kimya, na hazijanisumbua hadi leo.

Kufunga kwenyewe: toa na ule mkebe wa nje wa beringi uliokaa ndani ya habu, usiweke koni mpya kwa mkebe mzee. Grisi ya lithiamu unaisukuma na kiganja mpaka itokee upande wa pili kati ya zile roli. Halafu nati unaikaza huku gurudumu likizunguka, unailegeza, unairudisha na vidole tu, ndio unaweka kotapini, ile pini ya kuzuia nati isifunguke. Ukitembea kilomita chache simama uguse habu. Joto kidogo ni sawa, lakini kama huwezi kuishika basi umekaza sana ama haina grisi.

Mabadiliko makubwa niliyofanya, na ndiyo yamenipa trela tofauti kabisa, ni kurudisha ekseli nyuma. Ilikuwa imewekwa katikati kabisa ya bodi, kwa hivyo ukipakia kidogo nyuma pua, yaani ncha ya mkono wa mbele, inainuka, na trela ambayo pua yake ni nyepesi inaanza kuyumba ukiongeza mwendo, inavuta mkia wa gari kushoto kulia na hakuna usukani utakuokoa hapo. Tuliirudisha kama inchi 4, tukapima kwa kamba kutoka kile kikombe cha mbele kinachoshika gari mpaka kila mwisho wa ekseli, pande zote zikalingana, ndio mzee akapiga welding mabano, vile vyuma vinavyoshikilia springi. Uzito wa pua unaotakiwa ni kama asilimia 10 ya trela na mzigo pamoja, yaani ukiwa na kilo 600 jumla, pua ikae karibu kilo 60. Niliweka pua juu ya mizani ya kupimia magunia ya mahindi, nikasogeza mzigo mbele na nyuma mpaka ikafika. Saa hii najua gunia la 90 linakaa wapi bila kupima, na gari inatembea imetulia hata upepo wa lori ukiipiga.

Taa nazo. Dalili ilikuwa ukikanyaga breki indiketa inawaka hafifu, na hiyo karibu kila mara ni arthi mbovu, umeme unatafuta njia ya kurudi kupitia balbu ingine. Trela nyingi zinategemea chasisi iwe arthi, na chasisi yenye kutu na rangi haipitishi vizuri. Nilivuta waya mweupe wa arthi mpaka kwa kila taa. Kwa ile plagi ya pini 7 rangi za kawaida ni njano indiketa ya kushoto, kijani ya kulia, nyekundu breki, kahawia na nyeusi taa za nyuma, bluu ya ukungu. Lakini rangi za trela nzee usiziamini, pima kila waya, yangu kuna mtu alikuwa ameunga kijani kwa nyeusi na akafunika na selotepu.

Juu sikuchelewa. Brashi ya waya kwa grainda, redoksaidi ya kuzuia kutu, halafu rangi mara mbili. Sakafu ni plaiwudi ya marini, nilipaka rangi kwa ncha zake kwanza kabla ya kufunga kwa sababu maji yanaingilia hapo, na nikatoboa mashimo ya kutolea maji kwa kona. Kuta zinatoka kwa pini, na kuna vyuma vinne vya kusimamisha kwa kona wakati wa kubeba nyasi, bila hivyo marobota ya juu yanamwagika kabla ufike Njoro. Vipete vya kufungia kamba wekeni vingi, vingi kabisa.

Kitu haina ni breki zake, kwa hivyo sijazi zaidi ya kilo 600 na trela yenyewe ndani yake. Kuna jirani aliomba kubebea tangi la lita 1000 likiwa limejaa nikakataa, hiyo ni tani nzima ya maji na inacheza ndani. Nilimbebea likiwa tupu, akajazia kwake.

Mafundi nawapa 9 kwa 10, duka la kwanza la beringi sifuri. Kama unataka mafundi waje kwako panga nao siku ya katikati ya wiki, Jumamosi wana foleni ya mageti na madirisha na trela yako itangojea.