Pampu ya sola kando ya mto Daua: maji nimeyapata, kufuli sikuitaka

Mafuriko ya Novemba 2023 yalipopita huku Rhamu, Kaunti ya Mandera, jenereta yangu ya kuvuta maji tuliipata siku ya tatu, imenasa kwenye mathenge, ile miti ya miiba, mbali chini ya shamba, tumbo limejaa tope. Fundi aliifungua, akaifunga, akanirudishia bila kunitajia bei. Nikajua imekufa. Aprili iliyofuata nikachukua pampu ya sola kwa mkopo: paneli nne, pampu ya kukaa nchi kavu, kidhibiti chake, na mipira ya matone ya robo eka. Jina la kampuni silitaji, bado nawadai jibu. Nimeitumia miezi kumi na minne kwenye vitunguu, matikiti na malimau aliyoyaacha marehemu baba.

Sifa kwanza, maana zipo. Zamani petroli ndiyo iliyonipimia maji. Nikisikia jenereta inakohoa, naacha chungu motoni nakimbilia mtoni na jerikeni. Hii hata haisikiki. Siku ya kwanza abti wangu, yaani mjomba, alisimama pale akauliza, "Imewaka au bado?" na maji yanamlowesha viatu. Tena ni nyepesi, naibeba mwenyewe begani. Wasiouishi mto huu hawawezi kujua uzito wa jambo hilo. Daua huja mbingu zikiwa safi: mvua imenyesha milima ya Ethiopia, sisi tunaona tu maji mekundu yakipanda. Jenereta ya zamani ilitaka wanaume wawili, na usiku wanaume wawili huwapati.

Waliokuja kuifunga walitaka kusimika paneli ukingoni kabisa, eti waya wao unafika hapo tu. Niliwauliza kama wamewahi kulala hapa msimu wa deyr, mvua za vuli. Wakazisogeza juu, nami nikanunua waya wa ziada kwa pesa yangu.

Karatasi inasema pampu inavuta maji kutoka kina cha mita 7. Sawa, lakini ukingo wetu ni mrefu kwenda juu, na maji yakishuka unalazimika kuchimba ngazi na kuishusha pampu iyafuate.

Nilidhani jua kali ndiyo maji mengi. Kumbe fundi mmoja wa hapa ndiye aliyenifumbua macho: paneli hupenda mwanga, si joto. Zikichemka, nguvu hupungua. Maji yangu mazuri ni ya saa nne hadi saa sita. Adhuhuri ya jilaal, kiangazi chetu, bomba linalegea. Vumbi nalifuta kwa kitambaa kibichi kabla jua halijapanda.

Mipira ya matone ndiyo iliyonivunja moyo. Daua ikiwa nyekundu, chujio linaziba kabla hujamaliza kikombe cha chai. Nikachimba shimo, nikalitandika turubai, maji yanalala humo usiku kucha tope litulie, kisha ndipo nayapeleka kwenye mipira. Hilo hakuniambia muuzaji. Halafu matundu yako sentimita 30 kwa 30, na kitunguu hupandwa karibu karibu. Nusu ya tuta hubaki kavu. Vitunguu nimevirudisha kwenye vijaruba na mifereji kama zamani. Kwa tikiti, sina neno, mipira imefaa sana.

Sasa kufuli. Ukilipa kwa M-Pesa unatumiwa namba za kufungulia pampu, usipolipa inajifunga. Mpango mzuri, Nairobi. Huku mlingoti wa simu ukiharibiwa, na huharibiwa, tunakaa bila mtandao. Mwezi mmoja nililipa mapema, mlingoti ukaanguka kabla ujumbe haujaingia, pampu ikajifunga vitunguu vikiwa ndiyo vinaanza kujaza. Siku sita! Kaka yangu alipanda lori hadi Mandera mjini na simu yangu mfukoni, akapata namba, akarudi kesho yake. Huduma kwa wateja walimjibu asubiri mtandao urudi. Ujumbe huo waliutuma kwa nani? Nilivuna magunia 11 mahali nilipozoea 17.

Tena malipo yao hayajui jilaal. Mto ukikatika tunafukua mchanga kupata maji ya kunywa na ya mbuzi, pampu imefunikwa gunia nyumbani, na tarehe ya kulipa iko palepale. Niliomba nilipe baada ya mavuno, niongeze hata kidogo juu. Kimya mpaka leo.

Pampu yenyewe naipa nyota nne, mipira mbili, na mkopo moja, tena ya huruma. Kama mna chama, changeni mnunue kwa pesa taslimu, isiyo na kufuli. Na mpime ukingo wenu kwa kamba wakati mto uko chini, si wakati umejaa, kabla hamjamwamini mtu na karatasi yake.

Malipo yangu ya mwisho ni Oktoba, deyr ikianza. Abti ameshauliza mara mbili nitaiuza lini. Haiuzwi.